Betri ya siku 6 inaisha ndani ya siku 1: wiki 3 za msako, mwizi kakutwa ndani ya draiva

#1 Mwanasolda

Wakuu, habari za jioni.

Uzi ni mrefu, vuta kiti. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye kipande cha msimbo, tutakutana huko.

Nipo kwenye kakampuni kadogo kanakotengeneza vifaa vya kufuatilia matangi ya kupoozea maziwa vijijini. Tangi linatakiwa lishushe maziwa hadi nyuzi 4 hivi na liyaweke hapo. Kifaa chetu kinasoma joto, ujazo na presha ya kompresa, kinatuma kwa mtandao wa simu kila dakika 15, kisha kinalala. Umeme ni paneli ya sola na betri ya 12V, 7Ah. Hesabu ya mezani ilisema kikilala vizuri, wastani wake ni miliampia 24. Ukitumia nusu ya betri tu (hizi za risasi hazipendi kukamuliwa mpaka tone la mwisho) unapata siku 6 bila jua kabisa.

Vifaa vya bondeni havikuwa na neno. Vya Lushoto, ambako msimu wa baridi ukungu unaweza kushinda juu ya paneli kutwa nzima, vikaanza kufa. Na havikufika hizo siku 6. Ni siku moja na kidogo, kwisha habari. Mama msimamizi wa kituo kimoja alinipigia mara 3 wiki hiyo hiyo. Mara ya tatu akasema, "Mwanangu, mashine yenu imelala tena, na ya leo naona haiamki."

Tukashuku betri feki, tukabadilisha. Tukashuku chaja. Tukaishuku modemu, maana modemu ndiyo mshukiwa wa kudumu, kila kitu kikipotea anakamatwa yeye kwanza. Wiki mbili zikaisha hivyo. Wiki ya tatu nikapanda mwenyewe na multimita, nikaiweka mfululizo kwenye waya wa betri, nikasubiri kifaa kilale. Kikalala. Mita ikakaa kwenye 140mA na haikuteremka. Fanya hesabu: 3.5Ah gawa kwa 0.14A ni masaa 25. Huyo hapo mwizi. Bondeni jua lilikuwa linamlipia deni kila asubuhi, ndiyo maana hakuonekana.

Nikaanza kupapasa bodi kwa kidole, sehemu moja moja. Kila kitu cha baridi isipokuwa kile kibadilisha volti kinachopandisha 12V kwenda 24V kwa ajili ya vihisi vya 4-20mA (vinavyotoa kipimo kwa ukubwa wa mkondo). Chenyewe kilikuwa na joto la kikombe cha chai kilichosahaulika. Kifaa kimelala, lakini 24V iko macho.

Hiyo 24V inawashwa na kuzimwa na draiva (programu inayoendesha chipu) ya ADC, ile chipu inayogeuza ishara za vihisi kuwa namba, kupitia mfumo wa regulata (vidhibiti umeme) wa kerneli, kiini cha Linux. Nikaingia:

```
# cat /sys/class/regulator/regulator.5/num_users
4
```

Wakuu, mtumiaji wa 24V kwenye bodi nzima ni mmoja. Draiva ya ADC, basi. Hao watatu ni akina nani? Nikazima na kuwasha kifaa, ikasoma 6. Nikarudia, 4. Nikampigia mwenzangu aliyebaki ofisini aangalie kifaa cha majaribio pale mezani. Akasema 1.

Hapo nikafungua dmesg (logi ya kerneli) na kuisoma kuanzia mstari wa kwanza, jambo ambalo naona aibu kusema sikuwa nimelifanya. Onyo limekaa peupe, limejirudia mara tatu: WARNING kutoka drivers/regulator/core.c, ndani ya `_regulator_put`. Lilikuwepo tangu kifaa cha kwanza kitoke. Kifaa hakina skrini, nani angelisoma?

Sasa msimbo. Hii ndiyo probe ya draiva (fanksheni ambayo kerneli inaiita ili kukianzisha kifaa), nimepunguza yasiyohusika:

```
ret = regulator_enable(st->reg);
if (ret)
        return ret;

st->clk = devm_clk_get(&spi->dev, NULL);
if (IS_ERR(st->clk))
        return PTR_ERR(st->clk);

ret = clk_prepare_enable(st->clk);
if (ret)
        goto err_reg;

...

err_clk:
        clk_disable_unprepare(st->clk);
err_reg:
        regulator_disable(st->reg);
        return ret;
```

Umeiona? 24V imeshawashwa. Kloki (mapigo yanayoiendesha ADC) ikikosekana, mtu anatoka kwa `return` moja kwa moja, anaruka ngazi nzima ya kusafisha iliyoandaliwa pale chini. Lebo ya `err_reg` ipo na inafanya kazi. Haikuitwa tu. Historia inaonyesha mistari ya kloki iliongezwa miezi 8 baada ya draiva kuandikwa, na aliyeongeza alinakili `return` ya juu yake, ambayo pale juu ilikuwa sahihi kabisa.

Mtasema, sawa, lakini kloki hukosekana mara ngapi? Hapa ndipo nilipokalia kiti vizuri. Kloki ya ADC inatoka kwenye chipu nyingine iliyoko kwenye nyaya za I2C, nayo ina draiva yake. Kwenye kerneli ya ofisini draiva hiyo imejengwa ndani. Kwenye kerneli ya vifaa vya uwanjani tuliifanya moduli, inapakiwa baadaye. Kwa hiyo ADC ikiita kloki mapema inajibiwa -517, yaani `-EPROBE_DEFER`. Kerneli haihesabu jibu hilo kuwa kushindwa. Inalielewa kama "mwenzangu hajafika, nitarudi". Inamweka ADC kwenye foleni ya wanaosubiri, na kila draiva nyingine yoyote ikifanikiwa kushika kifaa chake, waliosubiri wote wanaitwa upya.

Kila akiitwa, anawasha 24V, anakosa kloki, anatoka. Ni kama daftari la getini: kila anayeingia anasaini, anayetoka hasaini, na mlinzi kaambiwa asizime taa mpaka daftari liwe tupu. Kerneli inapoachia regulata inagundua kwamba umeondoka bila kuzima, inakupigia kelele (ndilo lile onyo), lakini haikuzimii. Mara ya nne kloki ipo, draiva inakaa, hesabu inasoma 4. Kifaa kikilala draiva inazima mara moja, zinabaki 3. Taa inawaka usiku kucha.

Miaka yote nilikuwa naichukulia njia ya kushindwa kama ngazi ya moto ya ghorofani, ipo kwa sababu sheria inataka. Kumbe kwenye vifaa vyetu ilikuwa inapitwa mara 3 mpaka 5 kila kifaa kinapowaka, na njia ya kufanikiwa mara 1.

Naomba kuwasilisha. Kiraka nimeshakiandika, nitakieleza. Karibuni mkosoe.

#2 kibosho_kimya

Mimi nimeona "draiva" na "betri" nikajua ni uzi wa madereva wa bodaboda za umeme. Nimesoma mpaka mwisho hivyo hivyo. Hiyo ya daftari la getini nimeielewa, mengine Mungu anajua.

#3 Tarimbo

Chuoni tulifundishwa ukiandika goto (amri ya kuruka kwenda sehemu nyingine ya msimbo) unakatwa maksi. Mwanasayansi wa kompyuta Dijkstra aliandika barua yake mwaka 1968 kuikataa. Leo naona mnasema tatizo ni kwamba mtu *hakutumia* goto. Tushike lipi?

#4 Mwanasolda

Mkuu Tarimbo, mwalimu wako hakukosea kwa goto za kurukaruka huku na huko. Kwenye kerneli goto ya kusafisha inakwenda upande mmoja tu, chini. Mwongozo wa uandishi wa kerneli yenyewe unaipendekeza pale fanksheni inapokuwa na njia nyingi za kutokea na kuna kazi ya kusafisha inayofanana. Lugha ya C haina kitu cha kukusafishia yenyewe ukitoka. Umewasha A, kisha B, kisha C. C ikigoma unazima B, halafu A. Huvui soksi kabla ya kiatu. Lebo zinapangwa kwa mpangilio huo, na wewe unaruka hadi kwenye ngazi inayolingana na ulikofika.

Jaribu kuiandika kwa if ndani ya if kwa vitu saba, halafu urudi hapa.

#5 Bi Sayari

Uzi mzuri. Swali moja kabla sijasema mengine: kwenye kiraka chako ulibadilisha `return PTR_ERR(st->clk);` kuwa `goto err_reg;` peke yake, au kuna mstari mwingine?

#6 Mwanasolda

Bi Sayari, wewe ni mchawi. Nilitaka kuificha hiyo.

Kiraka cha kwanza niliandika saa 7 usiku, nyumba ya wageni, taa inakatika. Nikafuta `return`, nikaandika `goto err_reg;`, nikajenga, nikapakia, nikalala usingizi wa mtoto. Asubuhi mita inasoma 22mA. Nikampigia bosi nikamwambia tumemaliza.

Saa 4 mama wa kituo ananiuliza mbona namba za tangi hazibadiliki toka jana.

Betri ilikuwa inadumu vizuri kwa sababu kifaa kilikuwa hakipimi chochote. Angalieni `ret` ina nini pale: imetoka kwenye `regulator_enable()` iliyofanikiwa, kwa hiyo ni 0. Naruka kwenda `err_reg`, nazima 24V kwa adabu zote, halafu narudisha 0. Kerneli ikisikia 0 inaelewa "nimefanikiwa". Inaifunga draiva na kifaa, inaitoa kwenye foleni ya kusubiri, haiiti tena. Kloki ikaja dakika hiyo hiyo ikakuta mwenyeji wake ameshaambiwa kila kitu kiko sawa. Hakuna kosa kwenye logi wala onyo, hata moja. Nilipojaribu kuitoa moduli kwa `rmmod`, kerneli ikatapika ukurasa mzima, kwa sababu `remove` (kinyume cha probe) ilianza kubomoa vitu ambavyo havikuwahi kujengwa.

Sahihi ni hivi:

```
if (IS_ERR(st->clk)) {
        ret = PTR_ERR(st->clk);
        goto err_reg;
}
```

Mstari mmoja. Nilipiga simu ya pili kwa bosi, ile ya kwanza ilikuwa rahisi zaidi.

#7 Bi Sayari

Nilijua kwa sababu nami nimeipitia, na kwa sababu iko kila mahali. Smatch, ile zana ya Dan Carpenter ya kuchambua msimbo wa kerneli, ina onyo maalumu kwa kosa hilo: inaona umeruka kwenda kwenye lebo ya kushindwa ilhali `ret` ni 0, inakuuliza kama hujasahau namba ya kosa. Iendesheni kwenye draiva zenu kabla hamjazitoa. Ni bure na haichoki saa 7 usiku.

Ipo pia Coccinelle, ya Wafaransa, jina la yule mdudu mwekundu mwenye madoadoa anayekula vidukari. Wewe unaiandikia umbo la kosa, yeye anakutafutia kila mahali lilipo.

#8 Pwani_Baridi

Salamu kutoka Mombasa. Ndugu yangu Mwanasolda, hizi goto zote za nini? Tumia devm (fanksheni za kerneli zinazojisafisha zenyewe) kwa kila kitu, tupa lebo zote. Ziko kwenye kerneli tangu 2007, toleo la 2.6.21, kazi ya Tejun Heo. Unaomba memori kwa `devm_kzalloc`, interapti (ishara ya kifaa ya kuikatiza prosesa) kwa `devm_request_irq`, ukishindwa popote unarudi tu na kerneli inaachia yenyewe kwa mpangilio wa kinyume. Mimi draiva zangu siku hizi hazina lebo hata moja na nalala vizuri.

#9 Bi Sayari

Pwani, nusu ya hapo nakubaliana nawe, nusu nyingine ndiyo iliyoniletea mvi.

Devm ni nzuri ukiitumia yote au usipoitumia kabisa. Hatari ni kuchanganya. Chukua hii ya Mwanasolda: naotea interapti ya ADC aliiomba kwa devm, na kwenye `remove` anazima 24V na kloki kwa mkono. Sasa nani anatangulia? `remove` inaendeshwa kwanza mpaka mwisho, ndipo kerneli inaanza kuachia vya devm. Kwa hiyo kuna muda ambapo umeme umezimwa, kloki imezimwa, na interapti bado iko hai. Ikilia hapo katikati, handler yako (fanksheni inayoitikia interapti) inakwenda kusoma chipu iliyokufa. Kwa chipu inayosomwa kwa nyaya, kama hii ya SPI, ukibahatika utasoma takataka. Kwa kifaa kinachosomwa moja kwa moja kwenye anwani za memori, bila kloki, prosesa nzima inaweza kuganda. Na kama `remove` ilikuwa imeachia bafa kwa `kfree`, handler inaandika kwenye memori ya mtu mwingine.

Hilo halitokei mezani. Linatokea kwa mteja.

Halafu kuna vitu ambavyo jina lake linakudanganya. `pm_runtime_get_sync()`, ya kuamsha kifaa, ikishindwa, hesabu ya wanaokitumia inakuwa *imeshapanda*. Wengi wanaandika `if (ret < 0) return ret;` wakidhani kwa kuwa imeshindwa hakuna cha kurudisha, na kifaa hakilali tena milele. Ni ugonjwa ule ule wa daftari la getini. Ndiyo maana kwenye kerneli ya 5.10 wakaleta `pm_runtime_resume_and_get()`, ambayo ikishindwa inashusha hesabu yenyewe. `device_register()` nayo: ikishindwa, usiite `kfree()`. Unaita `put_device()`, kwa sababu hesabu ya wanaoishika imeshaanza na jina la kifaa limeshatengewa memori yake. Ukiita `kfree` unavujisha jina, na ukiwa na bahati mbaya zaidi kuna mwingine bado anakishika.

Hakuna kanuni moja. Kwa kila fanksheni unauliza: ikigoma, inaniachia nini mkononi? Jibu liko kwenye maelezo yaliyo juu ya fanksheni yenyewe, na watu hawayasomi.

#10 Tarimbo

Hii inanikumbusha lile la Apple mwaka 2014, `goto fail` imeandikwa mara mbili, usalama wote wa TLS (ulinzi wa mawasiliano ya mtandaoni) ukawa mapambo.

#11 Bi Sayari

Wanafanana sura tu. Lile halikuwa la kusafisha, lilikuwa la uhakiki: goto ya pili haikuwa chini ya if yoyote, ikaruka hatua ya mwisho ya kuhakiki saini. Ila jambo moja ni lile lile alilofanya Mwanasolda nyumba ya wageni. Waliruka kwenda kwenye lebo ya kushindwa wakiwa na 0 mkononi.

#12 Mwanasolda

Bi Sayari ameotea sawasawa, interapti ilikuwa ya devm na mengine ya mkono. Sikuwa nimeliona. Kwa hiyo kiraka kikawa viwili: cha kwanza kidogo, kile cha kupeleka uwanjani haraka (mistari mitatu), na cha pili kinachohamisha draiva yote kwenye devm na kuifuta `remove`.

Kerneli yetu ni ya 5.10 kutoka kwa muuza bodi, haina zile fanksheni mpya za kuchukua na kuwasha regulata kwa mkupuo. Nimetumia hii:

```
ret = regulator_enable(st->reg);
if (ret)
        return ret;

ret = devm_add_action_or_reset(&spi->dev, adc_zima_24v, st->reg);
if (ret)
        return ret;
```

`adc_zima_24v` ni fanksheni ndogo inayoita `regulator_disable()`, basi. Ukishaiandikisha, kila kutoka kwa baadaye, iwe kwa kushindwa au kwa kuondolewa, kunaizima. Na ile `_or_reset` ndiyo yenye utamu: ikiwa hata kuandikisha kwenyewe kumeshindwa kwa kukosa memori, inaita kuzima papo hapo kabla ya kukurudishia kosa. Niliifanya hivyo kwa 24V, kisha kloki, kisha interapti, kisha kusajili kifaa mwisho kabisa. Kubomoa kunaanza na cha mwisho: kifaa kinafutwa, interapti inanyamaza, kloki inazima, 24V inazima.

#13 mgeni_wa_leo

Samahani wakuu mimi ni mwanafunzi mwaka wa tatu. Njia ya kushindwa mnaijaribuje? Maana ili ijaribiwe lazima kitu kishindwe, na mezani kila kitu kinafanya kazi.

#14 Mwanasolda

Swali zuri kuliko yote hapa. Nilivyofanya mimi:

Kwanza nililazimisha hali ya uwanjani ije mezani. Nikafanya draiva ya kloki kuwa moduli na ofisini pia, nikaifuta kwenye orodha ya kupakiwa, nikawasha. ADC inabaki inasubiri, unaiona kwa jina kwenye `/sys/kernel/debug/devices_deferred`. Soma `num_users`: inatakiwa iwe 0. Kwa draiva ya zamani ilikuwa inapanda kila ninapopakia moduli nyingine yoyote, hata isiyohusiana. Nilichomeka flashi ya USB nikaiona inaruka kutoka 3 hadi 4. Nilicheka peke yangu.

Pili, `unbind` na `bind` kwenye `/sys/bus/spi/drivers/`, ndani ya kitanzi cha shell, mara 500, huku KASAN na kmemleak zimewashwa. KASAN inakamata anayegusa memori iliyokwisha kuachiwa, kmemleak inakamata iliyosahaulika. Kerneli hiyo ni nzito na polepole, usiipeleke kwa mteja.

Tatu, na hii ndiyo ya kushamba: fungua probe, kwenye kila hatua weka kwa muda `ret = -ENOMEM` (kosa la kukosa memori) na uruke kana kwamba imegoma. Hatua saba, mijengo saba. Inachosha. Kuna njia ya kistaarabu, kerneli ina FAILSLAB inayofanya maombi ya memori yagome kwa makusudi, kwa uwiano unaoupanga mwenyewe, lakini hiyo haikugomei kloki wala regulata. Kwa hizo nilitumia mkono.

#15 Bi Sayari

Ongeza `CONFIG_DEBUG_TEST_DRIVER_REMOVE`. Ukiiwasha, kerneli inaita probe, inaita remove, kisha inaita probe tena, kwa kila draiva inayopakiwa. Draiva mbovu hazivuki hata kuwaka kwa bodi. Mgeni, ukitaka kujifunza anzia hapo, utapata kazi ya kutosha mpaka uhitimu.

#16 Pwani_Baridi

Nimekubali kipigo cha kuchanganya, nimerudi kuzikagua zangu. Mbili zina shida hiyo hiyo ya interapti. Sijalala vizuri kumbe, nilikuwa sijui tu.

Lakini Mwanasolda, tahadhari: mkihamia kerneli mpya, tatizo la aina hii litajificha. Kuanzia 5.13 ile `fw_devlink` imewashwa kwa kawaida. Kerneli inasoma faili la maelezo ya bodi, inaona ADC inategemea ile chipu ya kloki, na haiiti probe ya ADC kabisa mpaka kloki iwepo. Mngehama bila kulijua kosa, 24V ingezima vizuri na mngesema "kerneli mpya imetibu". Kosa lingebaki palepale likisubiri siku kloki igome kwa sababu nyingine.

#17 Tarimbo

Na kiraka hicho hukipeleki kwa akina Torvalds, mwanzilishi wa Linux, nasi tukajivunia?

#18 Mwanasolda

Draiva ni ya ndani ya kampuni, haimo kwenye kerneli kuu, kwa hiyo hakuna wa kumpelekea. Bosi ndiye mwenye uamuzi wa kuitoa.

#19 Pwani_Baridi

Mimi nimewahi kupeleka kimoja, cha mstari mmoja, cha aina hii hii. Kitanzi cha `for_each_child_of_node`, kinachopita vifungu (watoto) vya faili la maelezo ya bodi, kinashika kumbukumbu ya kila mtoto na kuiachia kinapokwenda kwa anayefuata. Ukitoka katikati kwa `return`, wa mwisho haachiwi, unatakiwa uite `of_node_put()` mwenyewe. Mwandishi hakuita. Basi.

Mstari mmoja ulinichukua siku nne. Barua ya kwanza niliituma kwa kivinjari, ikiwa na HTML, orodha za vger (barua pepe za watengeneza kerneli) zikaitupa hata bila kuniaga. Nikajifunza `git send-email`. Ya pili ilifika, mtunzaji akajibu kwa maneno machache: weka `Fixes:`. Hiyo ni alama ya badiliko lililoleta kosa, herufi 12 za mwanzo za namba yake na kichwa chake kwenye mabano, ili wanaotunza matoleo ya zamani wajue warudi hadi wapi. Nikatafuta kwa `git blame`, nikatuma v2 (toleo la pili), nilichobadilisha nimekieleza chini ya vile vistari vitatu. Wiki mbili kimya. Halafu "Applied, thanks." Niliipiga picha, mke wangu akauliza ni mshahara?

Usiogope kwamba ni kidogo. Kinachowaudhi ni kiraka kisichojaribiwa.

#20 Mwanasolda

Mrejesho, wakuu.

Leo ni siku ya 11 tangu nipeleke kiraka cha kwanza kwa mtandao kwenye vifaa vyote vya Lushoto, na siku ya 4 tangu kile cha pili kiingie kwenye vitatu vya majaribio. Mkondo wakati wa kulala ni 23mA. `num_users` ni 1 kikiwa macho. Usiku wa Jumanne na Jumatano kulikuwa na ukungu mtupu, volti ya betri haikushuka chini ya 12.3.

Nimeviwekea pia vifaa script ndogo inayohesabu mistari ya WARNING kwenye dmesg kila kifaa kinapowaka na kutuma namba hiyo pamoja na joto la maziwa. Jana kifaa kimoja cha bondeni kimetuma 2. Si regulata safari hii, ni kwenye draiva ya modemu. Nilimtuhumu bure wiki zote zile, lakini naona naye hakuwa malaika.

Mama wa kituo alinipigia asubuhi. Nikajua tayari. Alitaka kujua kama tunaweza kuongeza kengele ya kumwita mlinzi.

#21 kibosho_kimya

Mimi yule wa bodaboda. Nina kabodi kangu kadogo ka kuangalia makamera nyumbani, nimefuata maelezo, nikaandika ile cat na num_users. Moja imetoa 5. Kamera ziko mbili. Hiyo ni mbaya?

#22 Bi Sayari

Si lazima, njia moja ya umeme inaweza kulisha vitu vingi. Soma `/sys/kernel/debug/regulator/regulator_summary`, itakuonyesha nani kasaini mara ngapi. Kisha dmesg, kuanzia mstari wa kwanza. Weka hapa tuone.